Utangulizi: Kuingia Mitandaoni na Taaluma Yako

Chukua ukurasa wowote wa duka la nguo la Kariakoo kwenye Instagram. Chini ya picha ya gauni mteja ameuliza, "Bei?" Anajibiwa, "Njoo inboksi." Akienda inboksi anasubiri mpaka jioni, na ikifika jioni ameshanunua kwingine. Picha ilipigwa vizuri, mwanga upo, hata wimbo uliowekwa ndio unaovuma wiki hiyo. Aliyekosekana ni mtu aliyewahi kusimama nyuma ya kaunta. Huyo angeandika palepale: "Elfu 35, saizi zipo mpaka XL, mikoani tunatuma kwa basi, nauli juu yako," na wote waliokuwa wakichungulia kimyakimya wangepata jibu lao.

Kitabu hiki ni cha huyo wa nyuma ya kaunta, pamoja na mwalimu, muuguzi, mhasibu na mhudumu wa mapokezi, wanaotaka kuhamia kwenye usimamizi wa mitandao ya kijamii lakini wanadhani wamechelewa. Karibuni. Uga wenyewe bado mchanga: Facebook ilianzishwa 2004, Instagram 2010, na TikTok ikatoka nje ya China 2017. Hakuna mwenye uzoefu wa miaka 30 katika kazi hii, na waliotufungulia njia walitoka kwenye kazi nyingine. Muhidin Issa Michuzi alikuwa tayari mpigapicha wa magazeti alipoanzisha blogu yake mwaka 2005, ikaja kuwa miongoni mwa blogu zilizosomwa sana na Watanzania wa nyumbani na wa ughaibuni.

Kwamba watu humsikiliza zaidi anayelijua jambo, wanazuoni wa mawasiliano waliligusa hilo zamani, kabla ya intaneti. Mwaka 1955 Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walichapisha Personal Influence, kitabu kilichotokana na utafiti miongoni mwa wanawake wa mji wa Decatur, Illinois, nchini Marekani. Waliona kwamba yanayosemwa redioni na magazetini mara nyingi hupitia kwanza kwa jirani, rafiki au ndugu anayeaminika katika jambo husika, na huyo ndiye huwashawishi wenzake. Nadharia hiyo imepingwa na kurekebishwa sana. Hata hivyo, kwangu mimi bado inaeleza, vizuri kuliko hesabu ya wafuasi, kwa nini mzazi anaweza kumsikiliza muuguzi anayefafanua chanjo ya mtoto akampuuza msanii aliyelipwa kusema maneno yaleyale.

Mwalimu ndiye ninayemwonea wivu zaidi. Kile ambacho maofisi huita kalenda ya maudhui, yeye amekiandika miaka nenda rudi kwa jina la azimio la kazi: mada, lengo, wiki, zana, tathmini. Mpe kampuni ya bima aipangie machapisho ya mwezi mzima, ataanza na swali ambalo wengi wetu hatulikumbuki: msomaji akimaliza hapa, awe anajua nini ambacho hakukijua? Kisha atalirudia jambo moja kwa njia tatu bila kuona haya, maana darasani ameshaona kuwa likisemwa mara moja halishiki. Mhasibu naye muonyeshe tu vitufe vya matangazo ya kulipia vilipo. Kukokotoa kila ujumbe wa mteja umegharimu shilingi ngapi ni kazi aliyoizoea.

Yapo ya kujifunza upya. Kuhariri video fupi kwenye simu na kusoma takwimu za ukurasa ni mambo ya mazoezi tu. Sheria inataka utulivu zaidi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na picha ya mwanafunzi au mgonjwa haiposti mtu kwa sababu tu imetoka vizuri. Hapa muuguzi ametutangulia. Kutunza siri ya mgonjwa ni sehemu ya kiapo chake.

Kinachowashinda wengi, kwa ninavyoona, ni kuiacha lugha ya ofisi. "Uongozi unapenda kuwajulisha wateja wetu wapendwa kuwa..." Kabla sentensi haijafika kwenye kitenzi, mteja ameshapita. Na anayeandika hivyo ni mtu yuleyule ambaye dirishani humwambia mzee, "Baba, kesho tumefunga, njoo Jumatatu na kitambulisho." Hiyo ya dirishani ndiyo ya kuposti. Sura ya tatu yote inahusu hilo, na ndiyo sura ninayoipenda.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, chukua daftari uandike maswali kumi ambayo watu hukuuliza sana kazini kwako, na chini ya kila swali uandike unavyowajibu, kwa maneno yaleyale. Usiyasafishe. Tutaanza na hayo.