Laptopu Imezima Ghafla Katikati ya Malipo? Subiri Kwanza Kabla Hujalipa Tena

Kombani ni pale njia ya kutoka Likoni inapogawanyika: moja inapanda Kwale mjini, nyingine inaendelea Tiwi hadi Ukunda. Mwezi Machi tulikuwa pale kwa wakala wetu mmoja, mama mwenye saiba ndogo. Ana laptopu moja, printa moja, na meza ya kutolea na kuwekea pesa. Joto la kaskazi lilikuwa halijaisha, na feni ya dukani ilikuwa inazungusha hewa ya moto tu.

Alikuwa na mteja, kijana anayeomba cheti cha maadili mema kupitia eCitizen. Hoteli moja ya Diani ilikuwa imemwita kazini kwa sharti la kwenda na cheti hicho. Fomu imejazwa, ombi la malipo limefika kwenye simu yake, kijana ameweka PIN. Hapo hapo laptopu ikazima. Haikutoa onyo wala mlio. Skrini ikawa nyeusi tu.

"Mwanangu, itabidi tuanze upya," mama akasema. "Lipa tena."

"Lakini mama, si PIN nishaweka?"

Tuliwaomba wote wawili wangoje kidogo. Hazikupita dakika mbili, ujumbe wa kuthibitisha malipo ukaingia kwenye simu ya kijana. Angekuwa amelipa tena, angelipa mara mbili kwa cheti kimoja, na pesa yenyewe alikuwa amekopa.

Kisa hiki tunakisikia mara nyingi kutoka kwa wateja wetu wa Matuga, kuanzia Ng'ombeni na Waa mpaka Mkongani. Kwa hiyo leo tunazungumzia mambo mawili: pesa yako ufanyeje laptopu ikizima, na laptopu yenyewe utaijuaje inaumwa nini kabla hujamlipa fundi.

Kwanza, pesa yako iko wapi?

Unapolipia huduma kwa kompyuta, kompyuta hutuma ombi tu. Ombi linakuja kwenye simu yako, na PIN unaiweka kwenye simu. Kuanzia hapo muamala unapita kwenye mtandao wa simu. Laptopu ni kama mtu aliyekuonyesha duka: akiondoka, pesa uliyokwisha kumkabidhi muuzaji haiondoki naye.

Kwa hiyo ikizima ghafla, fuata hatua hizi:

1. Jiulize kama uliweka PIN. Kama hukuweka, hakuna pesa iliyotoka. Ombi litakwisha muda wake lenyewe.

2. Kama uliweka, ngoja ujumbe. Usipofika, angalia salio lako na taarifa fupi ya miamala. Hapo utaona kama pesa imetoka na imekwenda kwa nani.

3. Fungua akaunti yako ya huduma hiyo kwa simu. Si lazima usubiri laptopu iwake. Kijana wetu alifungua eCitizen kwenye simu yake na akakuta ombi lake lipo, limeandikwa kuwa limelipiwa.

4. Kama pesa imetoka lakini upande wa pili bado hauonyeshi, usilipe tena siku hiyo hiyo kwa pupa. Hifadhi ujumbe wenye nambari ya muamala, kisha wasiliana na mtoa huduma na sisi. Nambari hiyo ndiyo ushahidi wako.

Jambo moja la kushika sana: hakuna mfanyakazi wetu atakayekupigia simu akuombe PIN ili "akurudishie malipo yaliyokwama". Anayesema hivyo ni mwizi. Kata simu.

Sasa turudi kwenye laptopu

Tulipomaliza na kijana, mama akatuonyesha simu yake. Kulikuwa na fundi aliyepewa nambari yake na mtu. Fundi huyo alikuwa hajaiona laptopu kwa macho, lakini tayari alikuwa ameshaamua: "Ubao mama umeungua. Ni 9,000. Nitumie 4,000 sasa hivi nikanunue spea Mombasa." Mama alikuwa ameshaandika nambari na kiasi. Kilichobaki ni PIN.

Tulimwomba atupe saa chache kwanza. Laptopu inayozima ghafla huwa na sababu zinazojulikana, na nyingi unaweza kuzichunguza mwenyewe bila kufungua hata skrubu moja. Anza kwa kuuliza: huzima lini?

Ikizima baada ya kutumika kwa muda, na chini yake kuna moto, shuku joto. Ndani ya laptopu, prosesa ikipata joto kali sana, karibu nyuzi 100, mashine hujizima yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo kule kuzima ni kinga. Tatizo ni kile kinachozuia joto kutoka: vumbi kwenye feni, matundu yaliyozibwa, au ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa iliyokauka kwa uzee. Na hapa kwetu Januari hadi Machi, hewa inayoingia kupoza mashine nayo ni ya moto.

Ya mama ilikuwa inazima mchana, karibu nusu saa baada ya kuwashwa. Asubuhi haikusumbua. Tukatazama chini: alikuwa ameikunjia leso na kuiweka juu yake "isichubuke". Leso ilikuwa imeziba matundu yote ya hewa. Tukaitoa, tukainua laptopu kwa vipande viwili vya mbao, tukaiacha ifanye kazi. Mchana mzima haikuzima kwa joto.

Kwa hiyo usiweke laptopu kitandani, kwenye mto, mkeka wala leso. Iweke juu ya kitu kigumu, matundu yawe wazi. Kama ina vumbi, izime, chomoa chaja, kisha tumia brashi laini kwenye matundu. Usipulize kwa mdomo maana unapeleka unyevu ndani. Ukisikia feni inakwaruza, au haisikiki kabisa hata mashine ikiwa moto, hiyo ni kazi ya fundi.

Ikizima pale pale stima inapopotea, shuku betri. Laptopu yenye betri nzima haijali stima ikikatika, inaendelea kama kawaida. Ikizima papo hapo, ina maana ilikuwa inaishi kwa chaja peke yake. Dalili nyingine ni ile ya kusoma asilimia 40 halafu ghafla giza.

Kama unatumia Windows, unaweza kuipima betri bure. Kwenye kisanduku cha kutafuta andika cmd, fungua, kisha andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter. Itakuonyesha mahali ilipohifadhi ripoti. Ifungue, utafute mistari miwili: DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ilipokuwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo wake wa leo ikijaa. Ya mama ilisoma 41,000 ilipokuwa mpya, na 5,700 leo. Chini ya moja ya saba! Ndiyo maana jioni stima ilipopepesa mara moja tu, laptopu ikazima tena.

Tahadhari: ukiona betri imevimba, au sehemu ya kibodi imeinuka, acha kuitumia na usiichaji. Usiitoboe wala kuibonyeza irudi. Betri ya aina hiyo inaweza kushika moto.

Ikizima unapoisogeza au ukigusa waya, shuku chaja au tundu lake. Huku pwani, Tiwi na Waa hasa, hewa ya chumvi hula vyuma polepole, na kutu kwenye tundu la chaja si jambo geni. Angalia pia maandishi kwenye chaja yenyewe. Volti lazima zilingane na zilizoandikwa chini ya laptopu, na ampea ziwe sawa au zaidi. Kwa mfano, chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 inatoa wati 65. Ukiiazima chaja ya wati 45 kutoka kwa jirani, laptopu inaweza kuwaka vizuri, halafu ikazima kazi ikizidi.

Ikionyesha skrini ya buluu yenye maandishi kabla ya kuzima, habari ni nyingine. Hapo shuku programu, memori au diski. Piga picha maandishi hayo kwa simu, yatamsaidia fundi. Na kama inajizima na kujiwasha tena ikisema inasasisha, huenda hakuna ugonjwa. Ingia kwenye mipangilio ya Windows uchague saa za kazi ili isisasishe wakati una wateja.

Ukiona ni lazima fundi

Mafundi wazuri tunao, Kwale, Ukunda na Likoni. Lakini laptopu ya biashara inabeba siri zako na za wateja wako, na malipo ya fundi ni pesa kama pesa nyingine. Kabla ya kumkabidhi:

Hamisha faili zako kwenye flashi. Diski inayokatikiwa umeme kila siku inaweza kuharibu kazi zako bila kuaga. Kama wewe ni wakala, kitabu cha kuandikia miamala kisiache kuandikwa eti kwa sababu kompyuta ipo.

Toka kwenye akaunti zote: barua pepe, eCitizen, KRA. Futa nywila zilizohifadhiwa na nakala za vitambulisho vya wateja ambazo huzihitaji tena. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na kitambulisho cha mteja ni data ya mteja, si yako. Kama uliandika PIN popote kwenye laptopu, ifute, kisha ubadilishe PIN leo leo.

Usitume amana kwa mtu ambaye hajaifungua mashine. Fundi wa kweli atataka kuona kwanza, ndipo aseme bei. Ikibidi utangulize pesa ya spea, nenda dukani kwake, upewe risiti.

Soma jina kabla ya kuweka PIN. Jina linalotokea kwenye simu likiwa tofauti na la fundi au la duka lake, simama uulize.

Malizia kulipa baada ya kujaribu. Iwashe pale pale, ifanye kazi saa nzima, uichomoe chaja uone kama inaendelea. Kisha ulipe, na uhifadhi ujumbe. Ikirudi kuzima wiki ijayo, ujumbe huo unaonyesha ulilipa nani, kiasi gani, siku gani.

Mama wa Kombani hakutuma ile 4,000. Alimpigia yule fundi akamwambia, "Baba, njoo uione kwanza." Hakuja, na baadaye simu yake haikupatikana tena. Mama alinunua betri kwa fundi mwenye duka Ukunda, ikajaribiwa mbele yake, akalipa chini ya nusu ya ile 9,000. Leso imerudi mabegani mwake.

Kijana naye aliendelea na safari ya cheti chake, akiwa na pesa ya nauli ya kwenda kupigwa alama za vidole. Pesa hiyo ingekuwa imekwisha kama angelipa mara ya pili.

Tarehe 30 Juni nayo haiko mbali. Ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA za mwaka uliotangulia, na kwa mtu binafsi faini ya kuchelewa haipungui shilingi 2,000. Wiki ile saiba zote hujaa. Kama laptopu yako imeanza kuzimazima, ipime sasa, usingoje foleni ifike mlangoni.

Umewahi kulipa mara mbili kwa sababu mashine ilizima? Fika kwa wakala wetu aliye karibu nawe ukiwa na nambari ya muamala, tukusaidie kuifuatilia. Nambari ya muamala tu inatosha, PIN baki nayo wewe.