Kabla ya Kinga ya Uso, Bonyeza Mpira

Jioni, kwenye viwanja vya shule za msingi vya Mikumi na Kilosa, wasichana hucheza rede. Wawili husimama pande mbili wakirusha mpira kwa nguvu zote, na aliye katikati hukwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Kwetu huku, huu ndio mchezo unaokaribiana na softiboli: mpira hurushwa kwa mkono kumwelekea mtoto, na uso wake uko wazi. Je, tuwalazimishe watoto kuvaa kinga ya uso? Mimi kama daktari wa kinywa na meno huanza kwa kuubonyeza mpira wenyewe.

Mpira wa rede wa soksi na matambara ukigonga pua hubonyea, na nguvu nyingi ya pigo huishia mlemle kwenye matambara. Wa softiboli ni mgumu. Ukirushwa kwa kilomita 100 kwa saa, humfikia mpigaji aliye mita 13 mbele kabla nusu sekunde haijatimia. Tena kasi ikiongezeka maradufu, nishati ya pigo huwa mara nne, wakati mfupa ulio chini ya jicho ni mwembamba kama ukucha. Ndiyo maana tangu 2006 wapigaji wa softiboli katika sekondari za Marekani hutakiwa kuvaa kofia ngumu yenye nondo mbele ya uso. Pigo hupokewa na nondo, kisha husambaa kwenye kofia nzima.

Kwa hiyo shule yoyote ya Kilosa itakayoanzisha softiboli, au besiboli kama inayochezwa Azania kule Dar es Salaam, ipokee kofia hizo pamoja na magongo. Zisipokuwepo, mchezo usianze. Kwa rede sitadai nondo. Nadai mwalimu aubonyeze mpira kila siku, maana mtoto akitia jiwe katikati ili upate uzito, huo si mpira wa rede tena.

Hata hivyo, kiwiko na kisogo cha mchezaji mwingine navyo hung'oa jino la mtoto, iwe kwenye rede au chandimu. Hapa ndipo tunapopoteza meno ambayo yangepona. Juu ya mzizi kuna chembe hai zinazolishikiza jino kwenye taya. Zikikaa kavu kwa saa nzima, nyingi huwa zimekufa. Mtoto aliyeumia karibu na Ulaya au Zombo, hapa wilayani Kilosa, hawezi kusubiri usafiri ndipo huduma ianze.

Liokote jino kwa kushika sehemu ile inayotafunia, usiguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze upesi kwa maziwa au mate, wala usilisugue. Lirudishe kwenye tundu lake, upande wa mbele ukitazama mbele, mtoto aume kitambaa safi. Ukishindwa, litumbukize kwenye maziwa baridi. Wilaya hii ya wafugaji haikosi kikombe cha maziwa. Usiliweke kwenye maji, kwani chembe zile huvimba na kupasuka. Lakini jino la utotoni lisirudishwe, kwa sababu laweza kuumiza jino la kudumu linalokua chini yake.

Kisha mlete mtoto hospitalini upesi, nasi tutalifunga jino lililorudishwa kwa waya mwembamba kwenye meno jirani kwa wiki 2. Siku hizo mtoto ale uji na ndizi za kupondwa, na apige mswaki laini kila baada ya kula.