Usitie majini usichokipima

Mwalimu mmoja wa kemia, ambaye pia ni mlezi wa chama cha sayansi katika shule ya upili jijini Nairobi, alinialika majuzi nikalione tangi la kioo ambalo shule yake ilipewa na mwanafunzi wa zamani. Ni tangi dogo la lita 80, lenye mawe, mchanga mweupe, samaki wawili na vipande vitano vya matumbawe magumu yaliyokuzwa shambani na kuletwa nchini kwa kibali. Nia ilikuwa njema: watoto ambao hawajapata kuiona bahari waione hapo hapo maabarani.

Nilipofika, matumbawe yalikuwa yamekwisha kufa. Ilibaki mifupa myeupe, na juu ya pampu palikuwa na gaga la chokaa kama lile linaloganda ndani ya birika. Kabatini, chini ya tangi, nilihesabu chupa kumi na moja. Hii ya kalsiamu, ile ya magnesiamu, nyingine ya iodini, nyingine ya strontiamu, na mbili ambazo vibandiko vyake viliahidi rangi za kupendeza bila kutaja kilichomo ndani.

"Tulifanya kila tuliloweza," mwalimu aliniambia kwa huzuni. "Tulipoyaona yanasinyaa tukanunua dawa. Yalipozidi kusinyaa tukanunua nyingine."

Nikamwuliza alikuwa amepima nini kabla ya kutia. Akanyamaza, kisha akasema kwa uaminifu unaostahili sifa, "Hatukupima chochote."

Wahenga walisema kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chupa zile zilijitembeza hadi kabatini mwa shule. Nina hakika mwalimu huyu si wa kwanza wala wa mwisho kutekwa na vibandiko vyenye rangi. Ndiyo maana nimeona heri leo nieleze, kwa faida ya walimu wenzangu na wanafunzi wao, jinsi chumvi na viongezo vya tangi la matumbawe vinavyopaswa kuchaguliwa. Somo lenyewe halihitaji fedha nyingi. Lahitaji bureti, daftari na subira.

Tuanze na bahari. Kila kilo moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi mbalimbali. Sodiamu na kloridi, ambazo kwa pamoja ndizo chumvi ya jikoni, huchukua kama asilimia 86 ya uzito huo. Asilimia 14 inayobaki ni salfeti, magnesiamu, kalsiamu, potasiamu, baikaboneti na vitu vingine vingi kwa viwango vidogo mno. Mnamo 1884 mwanakemia William Dittmar alichapisha matokeo ya kuchanganua sampuli 77 za maji zilizokusanywa na meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kati ya 1872 na 1876. Alithibitisha kwamba chumvi yaweza kuzidi au kupungua kutoka bahari moja hadi nyingine, lakini uwiano wa vitu vikuu vilivyomo hubaki karibu ule ule. Tumbawe limezoea uwiano huo tangu enzi na enzi.

Hapo ndipo swali la kwanza la wanafunzi hujibiwa: je, chumvi ya dukani haifai? La hasha! Tena jibu lake liko hapa hapa pwani yetu. Kule Gongoni, kaskazini ya Malindi, maji ya bahari huingizwa katika mabwawa mapana yakaushwe na jua. Maji yanapopungua, kaboneti ya kalsiamu hutangulia kuganda, ikifuatwa na jasi, yaani salfeti ya kalsiamu. Baadaye ndipo chumvi yenyewe huganda. Maji machungu yanayobaki, yenye magnesiamu na potasiamu, huondolewa. Chumvi inayotufikia ni sodiamu na kloridi karibu tupu, na kwa mujibu wa sheria hutiwa iodini kwa ajili ya afya zetu. Kwa hivyo chumvi hiyo, ijapokuwa ilizaliwa baharini, ukiirudisha majini haiwi bahari tena. Sehemu ambayo tumbawe hujengea mwili wake iliachwa njiani.

Chumvi ya tangi basi ni ile ya mchanganyiko, iliyotengenezwa kwa makusudi ili uwiano wa bahari urejee. Lakini hata hizo hazilingani. Zipo zinazotoa maji yanayokaribia bahari ya asili: kalsiamu miligramu 410 hivi kwa lita, magnesiamu 1,290 hivi, na ualkali wa digrii 7 hivi za kaboneti. Zipo nyingine zilizotiwa kalsiamu na ualkali kwa wingi, hata digrii 11 au 12, kwa ajili ya matangi yaliyojaa matumbawe magumu yanayokua kwa kasi. Mwuzaji atakwambia kuwa iliyo nyingi ndiyo bora. Usimsadiki upesi. Tangi dogo la shule, lenye matumbawe machache, halina wa kuutumia utajiri huo. Kila unapobadilisha maji, ualkali utapaa ghafla kisha ushuke. Tumbawe huvumilia kiwango cha chini kidogo au cha juu kidogo, ilimradi kitulie. Kuyumbayumba ndiko kunakoliua.

Kwa hiyo soma kipimo kilichoandikwa kwenye mfuko. Chagua chumvi ambayo ualkali wake unakaribia ule unaokusudia kuudumisha, tuseme digrii 8, kisha usibadilishe aina kila muhula kwa sababu ya bei. Funga mfuko barabara, kwa kuwa chumvi hii hufyonza unyevu. Uvingirishe pia kabla ya kuchota, maana punje nzito na nyepesi hutengana safarini. Wakati wa kuchanganya, tia chumvi ndani ya maji yanayozungushwa na pampu, usimimine maji juu ya rundo la chumvi. Kila mwanafunzi wa kemia anajua kuwa asidi ndiyo hutiwa majini. Hapa sababu ni nyingine, kwamba kalsiamu na kaboneti zikikutana katika maji machache huganda zikawa chokaa, lakini adabu ya mkono ni ile ile.

Maji yenyewe nayo yasidharauliwe. Ya mfereji yana klorini, na visima vingi vya Nairobi vina floridi kwa wingi. Yafaayo ni maji yaliyochujwa na kuondolewa ioni, au yaliyotoneshwa katika mtambo usio na shaba, kwani shaba kidogo tu ni sumu kwa matumbawe na kamba. Shule za pwani zaweza kuteka maji baharini, mradi yatekwe mbali na midomo ya mito na mifereji ya maji taka.

Sasa nirudi kwenye tangi la rafiki yangu. Tulipochukua haidromita na kupima, kiwango cha chumvi kilikuwa 40 badala ya 35. Kimepandaje? Mwanafunzi mmoja msichana, aliyekuwa amesimama kando kimya, ndiye aliyefumbua fumbo. Wakati wa likizo, alisema, mlinzi aliagizwa ajazie tangi kila maji yanapopungua, naye akajazia kutoka kwenye pipa la maji ya chumvi yaliyochanganywa.

Masikini, mlinzi alitii alichoagizwa. Lakini jua na hewa huchukua maji matupu na kuiacha chumvi nyuma. Hesabu ni nyepesi. Lita 80 zenye gramu 35 kila moja zina gramu 2,800 za chumvi. Ongeza lita 12 za maji ya chumvi katika majuma mawili, nazo zitaleta gramu 420 zaidi. Jumla ni gramu 3,220, na ukigawanya kwa lita 80 unapata 40 na ushei. Maji yaliyopotea hewani yalipaswa kurudishwa kwa maji matamu, basi. Ugonjwa wa matumbawe yale ulikuwa kiu ya maji safi, nao wakapewa chupa kumi na moja.

Na chupa ndizo zilizomaliza kazi. Jioni moja kalsiamu ilimiminwa pamoja na kiongezo cha ualkali. Tangi likageuka jeupe kama maziwa, na asubuhi chokaa kilikuwa kimetanda kila mahali. Hapakuwa na uchawi. Kalsiamu ikikutana na kaboneti kwa wingi, chokaa huzaliwa.

Mmenyuko huo huo, ukifanywa polepole ndani ya mwili wa tumbawe, ndio unaojenga miamba yetu. Tumbawe huchota kalsiamu na baikaboneti majini, likajijengea mifupa ya kaboneti ya kalsiamu. Mababu zetu wa pwani waliivunja mifupa hiyo, wakaichoma kwenye tanuu, wakapata chokaa cha kujengea majumba ya Lamu na Gedi. Ajabu ni kwamba maji ya chokaa, yale yale ambayo wanafunzi huyatumia maabarani kutambua gesi ya kaboni dayoksaidi, ni mojawapo ya viongezo bora vya tangi. Huleta kalsiamu na ualkali kwa uwiano ambao tumbawe linauhitaji. Ila ni makali mno, yenye pH ya zaidi ya 12, hivyo hudondoshwa tone kwa tone, wala hayamiminwi.

Je, viongezo vihitajike lini? Tangi changa lenye matumbawe machache hutoshelezwa na kubadilishwa asilimia 10 ya maji kila juma. Kwa lita 80 hizo ni lita 8, ambazo hutumia takriban gramu 300 za chumvi ya mchanganyiko. Maji hayo mapya hurudisha kalsiamu, magnesiamu, iodini na strontiamu kwa kiasi chake. Matumbawe magumu yakikua na vipimo vikaonyesha kuwa ualkali unashuka ijapokuwa maji yanabadilishwa, hapo ndipo uongeze. Kuupandisha ualkali wa lita 80 kwa digrii moja, zatosha gramu 2.4 za baikaboneti ya sodiamu safi, ile ya kuokea keki. Kalsiamu inayolingana nayo hupatikana katika gramu 2.1 hivi za kloridi ya kalsiamu yenye molekuli mbili za maji. Kila moja iyeyushwe peke yake na kutiwa kwa wakati wake, na ualkali usipandishwe zaidi ya digrii moja kwa siku. Magadi ghafi ya ziwani yasitumike, kwa kuwa hubeba floridi na uchafu mwingine.

Iodini, strontiamu na zile chupa za rangi ziacheni dukani. Usichoweza kukipima huwezi kujua kama kimepungua, seuze kujua kama kimezidi.

Kupima ualkali ni titresheni ile ile ya mtihani. Chukua mililita 100 za maji ya tangi, tia matone machache ya methili oranji, kisha dondosha asidi ya hidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita hadi rangi igeuke. Kila mililita ya asidi ni digrii 2.8. Tangi la digrii 8 litakunywa chini kidogo ya mililita 3. Andika tarehe na kipimo daftarini, na baada ya majuma manne daftari litakwambia kile ambacho kibandiko hakiwezi kukwambia.

Najua kuna watakaoniuliza kama si anasa kuzungumzia matangi ya kioo ilhali kuna shule zisizo na madawati. Hoja hiyo ina uzito, na simwambii mwalimu yeyote akanunue tangi. Lakini kosa lililoua matumbawe yale halikuzaliwa ndani ya tangi. Ni lile lile la mwenye homa anayemeza dawa ya malaria kabla damu yake kupimwa. Ni lile la mkulima anayemwaga mbolea ile ile mwaka baada ya mwaka bila kupima udongo wake, mpaka udongo ukawa na asidi na mahindi yakadumaa. Tumezoea kununua jibu kabla ya kuliuliza swali, na mahali pa kuivunja tabia hiyo ni shuleni.

Kisha kuna bahari yenyewe. Mwaka 1998 joto la maji liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu, na hewa ya kaboni tunayoirusha angani inaendelea kuyeyuka baharini na kuipunguza kaboneti ambayo matumbawe huihitaji. Mtoto aliyeona kwa macho yake jinsi tofauti ndogo ya gramu ilivyoliangamiza tumbawe atalielewa jambo hilo bila kuhubiriwa.

Rafiki yangu amekubali kuanza upya. Chupa kumi zimeondolewa, na ya kalsiamu imebaki ikiwa imefungwa. Tangi lina samaki wale wawili, maji ya 35 na daftari lililoning'inizwa kwa uzi. Matumbawe hayataletwa mpaka vipimo vitulie kwa muhula mzima. Na mtunza daftari ni yule msichana aliyesimama kando.