Miaka 99 Chini ya Ardhi: Mabehewa ya Mbao ya Buenos Aires

Usiku wa Ijumaa, tarehe 11 Januari, 2013, wakazi wengi wa Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, waliteremka ngazi za vituo vya treni ya chini ya ardhi ilhali hawakuwa na safari yoyote. Walikwenda kuyaaga mabehewa. Mabehewa hayo ya mbao yalikuwa yamechukua abiria tangu Desemba, 1913, na hata siku ile ya mwisho yalikuwa yakiwapeleka watu kazini kama ilivyo ada.

Njia hiyo, iitwayo Njia A, ndiyo reli ya kwanza ya chini ya ardhi kujengwa katika Amerika ya Kusini, na ilianza kazi miaka sita kabla ya ile ya Madrid. Ilijengwa na kampuni ya tramu iliyokuwa na mtaji wa Kiingereza. Kazi ya kuchimba ilianza mwaka 1911: barabara ilifukuliwa, handaki likajengwa, kisha likafunikwa na barabara ikarudishwa juu yake. Ilipofunguliwa kwa watu wote, tarehe 2 Desemba, 1913, inasemekana abiria wapatao 170,000 walipanda siku hiyo moja. Bila shaka wengi wao walikwenda kustaajabu tu.

Mabehewa yenyewe yaliagizwa kutoka Ubelgiji, katika kiwanda cha La Brugeoise kilichokuwa katika mji wa Bruges. Wahandisi wake walipewa kazi ngumu. Mwenye njia alikuwa kampuni ya tramu, naye alitaka behewa lile lile lipite chini ya ardhi, kisha lipande mteremko na kuendelea na safari juu ya barabara ya Rivadavia kama tramu ya kawaida. Chini, abiria hupanda kutoka kwenye jukwaa lililo sawa na sakafu ya behewa. Juu, hupanda kutoka barabarani na hapana budi awe na ngazi. Kwa hiyo kila behewa liliwekewa milango ya katikati kwa ajili ya majukwaa, na milango yenye vidato katika ncha zake kwa ajili ya barabara. Safari za juu zilikoma mwishoni mwa mwaka 1926. Ncha zile zikakatwa na kuundwa upya, na mabehewa yakabaki chini moja kwa moja.

Ndani yake palikuwa na mabenchi ya mbao, vioo vya kujitazamia, na taa zilizovikwa vikombe vya kioo mfano wa ua. Mlango ulifunguliwa na abiria mwenyewe kwa mkono. Wenye haraka waliufungua hata kabla treni haijasimama barabara. Treni ilipokata kona, mbao zililia na kiwiliwili kizima kikayumba. Mgeni angeweza kuogopa, lakini kuyumba huko hakukuwa dalili ya kuvunjika. Kiunzi cha chini kilikuwa cha chuma, na mbao zilizofungwa juu yake hujikunja kidogo na kurudi mahali pake.

Hapa ndipo ilipo siri ya umri wao. Kabati la mninga alilorithi mtu kwa bibi yake halidumu kwa sababu halichakai. Hudumu kwa sababu kila kiungo chake seremala aweza kukitoa na kukitia kingine. Mabehewa ya Bruges yalikuwa hivyo. Kipuri kisichouzwa tena popote kilifanyizwa katika karakana kwa kufuata kile cha zamani. Hata Desemba, 2008, njia iliporefushwa hadi vituo vipya vya Puan na Carabobo, ni mabehewa yale yale ya mwaka 1913 yaliyovihudumia.

Basi kwa nini yaliondolewa? Wakuu wa jiji walitaja usalama, na hoja hiyo haiwezi kupuuzwa: mbao kavu za karne moja, nyaya za umeme na umati wa watu ndani ya handaki si mambo ya kuwekwa pamoja kwa moyo mweupe. Lakini palikuwa na sababu nyingine, ya umeme wenyewe. Njia A ilikuwa ikitumia volti 1,100. Treni mpya zilizonunuliwa kutoka China zilihitaji volti 1,500, na waya mmoja hauwezi kubeba nguvu mbili kwa wakati mmoja. Siku waya ulipobadilishwa, mota za zamani zilikuwa zimekwisha pa kutembelea, hata kama zilikuwa nzima. Njia ilifungwa kwa karibu miezi miwili, ikafunguliwa tena tarehe 8 Machi, 2013. Wafanyakazi walilalamikia haraka hiyo, na abiria waliosongamana katika mabasi katikati ya kiangazi cha huko walilalamika zaidi.

La ajabu ni kwamba katika mji huo mabehewa yaliyotiliwa shaka ya hatari hayakuwa haya ya kale tu. Mwaka 2011 jiji lilinunua mabehewa yaliyokwisha kutumika Madrid, yenye umri mdogo sana kuliko yale ya mbao, yakawekwa katika Njia B. Mwaka 2018 ilibainika kuwa baadhi ya sehemu zake zilikuwa na asbesto, yaani ule unyuzi wa jiwe ambao vumbi lake likivutwa huharibu mapafu na huweza kuleta saratani. Yaliondolewa mwaka huo huo, nao mafundi waliokuwa wameyafungua na kuyasafisha ikawabidi wapimwe afya zao. 

Mwishoni mwa mwaka 2013 mabehewa ya mbao yalilindwa kwa sheria ya jiji kama mali ya urithi. Hata hivyo sheria haizuii mvua, na baadhi yake yaliachwa nje yakaoza. Machache yalibahatika kurudi karakanani. Yalipigwa randa na vanishi, umeme wake ukarekebishwa upatane na waya mpya, nayo yamepata kutembea tena katika Njia A, katika siku maalumu, yakiwa na abiria ndani yake.