Kaniama: Konsoli ya mkononi na ya televisheni, umeme ndio unaoamua

Kijana wa Kaniama, mji ulio kwenye njia ya reli kati ya Kamina na Mwene-Ditu, akitaka kununua konsoli ya michezo ya video, swali lake la kwanza si mchezo gani atacheza. Ni umeme atautoa wapi. Katika RDC, takriban mtu 1 tu kati ya 5 ndiye anayepata umeme. Wengine wanategemea jenereta au paneli za jua.

Nintendo Switch, iliyotoka Machi 2017, inachezwa mkononi kama simu au inachomekwa kwenye televisheni. Mashine ni ileile, lakini nguvu inayotumia haibaki ileile.

Ikiwa kwenye televisheni, chipu yake ya picha inafika kasi ya megahezi 768. Mkononi, michezo mingi inaishusha hadi 307 au 384. Je, mnunuzi amepunjwa? Hapana. Skrini yake ndogo ina nukta 921.600, huku picha ya televisheni ya 1080p ikiwa na zaidi ya milioni 2. Nukta zikiwa chache, kazi ya kuzichora inapungua na batri inadumu. Prosesa kuu haipunguzwi, kwa sababu hesabu za mpira na wachezaji ni zilezile kwenye skrini yoyote.

Kwa mwenye paneli, tofauti ni kubwa. Paneli ya wati 50, ikipata saa 4 za jua kali, haitoi zaidi ya watisaa 200 kwa siku. Televisheni ya wati 40 pamoja na konsoli ya wati 10 zinamaliza akiba hiyo kwa saa 4. Lakini batri ya Switch inabeba watisaa 16 tu, na toleo la mwaka 2019 linachezwa mkononi kwa saa 4 na nusu hadi 9.

Toleo hilo la 2019 lina batri sawa na la 2017, ambalo lilidumu saa 2 na nusu hadi 6 na nusu. Kilichobadilika ni chipu, iliyotengenezwa kwa njia inayokula umeme kidogo. Anayenunua mashine iliyotumika aulize kwanza ni toleo lipi.

Switch 2, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025 kwa dola 449,99 nchini Marekani, ina nguvu zaidi na skrini ya 1080p ya inchi 7,9. Batri yake ni kubwa zaidi, ila inadumu saa 2 hadi 6 na nusu. Chaja ya kituo chake cha televisheni ni ya wati 60, wakati ile ya kwanza ilikuwa ya wati 39.

Joto nalo lina neno. Nintendo inashauri Switch itumike kati ya nyuzi 5 na 35. Chini ya bati mchana wa Septemba, kabla ya mvua, kiwango hicho kinaweza kupitwa.

Batri nyingi za aina hii zina kobalti, na zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia inachimbwa RDC, hasa Lualaba, jirani wa Haut-Lomami. Madini yanatoka karibu na Kaniama, lakini umeme wa kuchaji batri hizo bado watu wanauhesabu kwa saa.