Upembo Usilazwe Chini

Ndugu wana-kikundi, kiangazi kikikaza huku Kajiado, maganda ya oltepesi ndiyo huokoa mbuzi. Lakini ule upembo mrefu wa kuyatikisia mnaulaza chini! Mchwa wanaula ndani kwa ndani, na siku ya kazi unakatika, pengine juu ya kichwa cha mtoto.

Usimamisheni kwenye nguzo ya ghala. Vishikio vipya vya dukani ni ghali bure. Mkienda Kitengela, ulizeni kwa wauza vyuma chakavu kipande cha bomba kipana kidogo kuliko mti wenu, urefu wa kiganja tu. Fundi wa kuchomelea atakipachika bamba lenye matundu mawili ya misumari, na chini aweke kijiti kimoja cha chuma, asizibe kabisa, maji yasije yakatuama. Mpelekeeni upembo wenyewe aupime. Kukisia ni kurudi mara mbili.

Kipigilieni usawa wa goti. Juu, usawa wa bega, kulabu ya nondo iliyokunjwa inatosha, mkifunga kwa utepe wa tyubu kuukuu. Utepe huo hupasuka juani, basi ubadilisheni mapema. Na nguzo ikiwa na njia za udongo za mchwa, zikwangueni kwanza.