KUHADHIRI KWA PICHA: MAANDALIZI KABLA YA SAFARI



 

Kila tunaporudi kutoka semina ya walimu wa madrasa kule Unguja wanafunzi hutuuliza maswali mawili: tulikula nini, na kwa nini tulishinda wiki tatu ofisini na kompyuta kabla ya kuondoka. La kwanza tulikwisha kulijibu darasani, na waliotaka pweza tumewaambia wasubiri. La pili linahitaji maelezo marefu kidogo, na ndiyo sababu ya makala haya. Wengi wenu mtasimama mbele za watu siku moja, inshaallah, iwe chuoni, kazini au msikitini, na mtatakiwa mueleze jambo kwa picha.

Je, kufundisha kwa picha ni jambo la kizungu?

Wapo wazee wetu waliotuuliza hivyo, na swali lao si baya. Tunajibu kwamba Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwachorea maswahaba mistari. Alichora mraba, kisha mstari katikati yake uliotokeza nje ya mraba, na mistari midogo pembeni ya ule wa katikati. Akawafahamisha kuwa wa katikati ni mwanadamu, mraba ni ajali yake iliyomzunguka, kilichotokeza nje ni matumaini yake, na ile midogo ni misukosuko ya dunia inayomnyemelea. Hapakuwa na umeme wala projekta, ila mistari tu, na somo likaeleweka mpaka leo.

Na kuhusu kujiandaa kabla ya kwenda, tazameni kisa cha Nabii Musa (A.S.) katika Surat Taha. Alipoamrishwa aende kwa Firauni, kabla hajanyanyua mguu alimuomba Mola wake amkunjulie kifua na amfungue fundo la ulimi ili watu wafahamu maneno yake, na akaomba nduguye Harun awe msaidizi. Sisi tuliokwenda Unguja kwa boti tu, tena kwa watu wanaotupenda, tungejiendea vipi mikono mitupu?

Safari ya kwanza tuliyoaibika

Tuseme ukweli, kwani kuna faida. Mara ya kwanza tulipokwenda tulijiona wajuzi. Tulitengeneza slaidi zetu usiku mmoja, tukaweka aya ya Qur'an mwanzoni kwa maandishi makubwa ya Kiarabu, tukatia yote kwenye flashi moja, tukaondoka. Kule ukumbini flashi ikachomekwa kwenye kompyuta nyingine isiyokuwa na fonti yetu. Aya ikatokea ukutani herufi zikiwa zimeachana, kila moja peke yake, na zimepangwa kutoka kushoto kwenda kulia. Mbele yetu walikaa walimu wapatao sitini, wengi wao wamehifadhi. Mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliinamisha kichwa, akasema kwa upole, "Wanangu, hebu zimeni hiyo."

Tukazima. Tukahadhiri kwa mdomo dakika zilizobaki, na hakuna aliyetucheka, jambo ambalo liliuma zaidi. Maneno ya Allah (S.W.) yalionyeshwa yameharibika kwa mikono yetu, na sababu haikuwa chuki wala ujinga wa Kiarabu, ni uvivu wa kutojaribu kabla.

Ieleweni sababu yake. Herufi za Kiarabu hubadilika sura kulingana na mahali zilipo katika neno: mwanzo, kati au mwisho. Kompyuta huhitaji fonti na programu inayojua kuziunganisha. Pasipokuwa na fonti hiyo, hubahatisha nyingine, na kubahatisha huko ndiko kulikotuaibisha. Tangu siku ile tunafanya mambo mawili. Kwanza, hatuiandiki tena aya kwa mkono. Tunaichukua kutoka mus'haf uliohakikiwa na kuiweka kama picha, kwani picha haibadiliki fonti. Pili, kazi yote tunaihifadhi pia kama PDF, ambayo hubeba sura ya ukurasa kama ulivyo. Kisha ustadh wa hifdhi huketi mbele ya ukuta akiwa na mus'haf mkononi, akalinganisha herufi kwa herufi na irabu kwa irabu. Asiporidhika hatusafiri na slaidi hiyo.

Na karatasi za kugawa hatuzichapi aya kabisa. Tunataja jina la sura na namba ya aya basi, kwa sababu karatasi za semina tunajua zinakoishia: chini ya viti, na baadaye kwa muuza karanga.

Kwa nini Kilwa

Mada tuliyoichagua safari hii ilikuwa misikiti ya kale ya pwani yetu. Madrasa yetu ipo Mbagala, kando ya Barabara ya Kilwa. Watoto wetu huvuka barabara hiyo kila siku, na tulipowauliza Kilwa ni nini, wengi walijibu ni jina la barabara. Mmoja alisema ni kituo cha daladala. Basi tukaona wa kuelezwa kwanza ni wao, na walimu wa Unguja wafuate.

Kwenye ncha ya pili ya barabara hiyo, takriban kilometa 300, ipo Kilwa Masoko, na ng'ambo yake kwa mashua ni Kilwa Kisiwani, penye Msikiti Mkuu. Sehemu yake ya kaskazini ndiyo kongwe zaidi, na wachimbaji wa mambo ya kale wanaihesabu kuwa ya karne ya 11 au ya 12. Sehemu kubwa ya kusini yenye kuba iliongezwa baadaye. Ujenzi ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Neville Chittick alichimba pale miaka ya 1960, na kitabu chake juu ya mji huo kilitoka mwaka 1974. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi ya ukarabati.

Tulipata kibali, tukavuka, tukapiga picha zaidi ya mia mbili. Tuliporudi tukagundua kosa. Picha ya mihrabu ilikuwa nzuri, lakini mwanafunzi aliyeiangalia aliuliza kama ni kabati. Hakuna kitu cha kupimia ukubwa! Ilibidi wawili wetu warudi, nauli ikitoka mifukoni mwetu, wakiwa na fimbo ya mita moja tuliyoipaka rangi nyeupe na nyeusi kila sentimeta 20. Fimbo ikisimama kando ya nguzo, kila mtu anaona nguzo ni ndefu kiasi gani. Ndiyo sababu ya ile fimbo mnayoichezea nyuma ya mlango wa ofisi. Iacheni.

Picha za kuacha

Kuhusu picha za kamera wanavyuoni wana kauli zao, na hapa si mahali pa kuzichambua. Sisi tuliamua tusionyeshe sura ya mtu bila sababu, na watoto wa pale kisiwani waliotukimbilia tulipige nao picha hatukuwaweka ukutani kwa kuwa wazazi wao hatukuwauliza. Mwanafunzi mmoja aliyetusaidia alileta kutoka intaneti picha ya mtu akisema ni Bilal (R.A.). Alikuwa muigizaji wa filamu. Tuliifuta, na tukatumia nafasi hiyo kumuonyesha kuwa picha nayo ina isnadi yake: nani kapiga, wapi, lini, na nani kakupa. Picha isiyo na majibu hayo ni kama habari isiyo na mpokezi. Chini ya kila picha tuliandika mambo hayo kwa ufupi.

Mazoezi yaliyotuokoa

Tulipewa dakika 20. Jaribio la kwanza mbele ya darasa la jioni lilichukua dakika 41, na watoto wawili walilala. Tukapunguza slaidi kutoka 40 hadi 14. Kufuta picha uliyoifuata kwa mashua kunauma, lakini msikilizaji hajui ulivyosafiri.

Katika jaribio la pili ndipo Allah (S.W.) alipotusitiri. Kwa kuwa wenyeji wetu ni wa Unguja tuliweka pia Msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi kwenye kibla yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria. Mmoja wetu alichukua 500, akajumlisha 622, akaandika kuwa ni mwaka 1122 Miladia. Binti wa darasa la sita akanyoosha mkono: "Ustadh, mbona mwaka wa Kiislamu ni mfupi?"

Tukanyamaza. Alikuwa amesema haki. Mwaka wa mwezi una siku 354 hivi, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua, hivyo miaka 33 ya Hijria ni karibu sawa na 32 ya Miladia. Huwezi kujumlisha tu. Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kwanza, kisha ongeza 622: 500 inakuwa 485, na jumla yake ni 1107. Ni hesabu ya kukadiria, inaweza kukosea mwaka mmoja, lakini si 15. Fikirini tungesimama Unguja kuwakosea wenyeji tarehe ya msikiti wao wenyewe.

Siku ya kuondoka

Flashi zilikuwa mbili, kila moja na mbebaji wake, na nakala nyingine ilikuwa kwenye kompyuta tuliyoibeba wenyewe. Tulikwenda pia stesheneri, tukachapa picha sita kubwa na kuzitia plastiki, umeme ukikatika tuzishike kwa mikono. Umeme haukukatika, ila ukumbi ulikuwa na madirisha mapana yasiyo na mapazia, na mihrabu yetu ukutani ikawa kama kivuli. Zile za plastiki zikapitishwa mkono kwa mkono, na kwa hakika zilipendwa kuliko za ukutani.

Mwisho yakaja maswali. Mwalimu mmoja alituuliza: Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na katika maandishi yaliyotufikia anataja majengo ya miti, vipi ninyi mnatuonyesha mawe? Swali hili tulikuwa tumelitarajia. Tulimjibu kuwa Ibn Battuta aliisimulia safari yake miaka mingi baadaye kule Morocco, akaandikiwa na Ibn Juzayy, na watafiti wamelijadili sana neno hilo. Tena nyumba za watu wengi huenda zilikuwa za miti na udongo kweli, nazo hazikudumu. Kilichobaki tukakipiga picha ni cha mawe. Yule mwalimu akasema jibu letu limemridhisha nusu. Tumemuahidi nusu nyingine mwakani.

Yule mzee mwenye ndevu nyeupe naye alikuwepo. Aya ilipotokea ukutani aliisoma yote kwa sauti ya chini, midomo ikitembea, kisha akainua kichwa akatutazama, akatabasamu.

Picha zile sita zipo ofisini, na mzazi yeyote anakaribishwa kuziona Jumamosi baada ya Alasiri. Mwaka ujao tunakusudia magofu ya Kunduchi, penye makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa vyombo vya Kichina, na huko hatuhitaji boti, ni daladala tu. Wanafunzi wa darasa la sita watakaotaka kushika fimbo waandikishe majina kwa ustadh wa zamu.